Mzigo wa Kushukia Rwakajunju

Wanaowacheka wageni wanaoshuka Ziwa Rwakajunju, chini ya Bweranyange, wakiwa na spika, stendi ya simu na jozi tatu za viatu, hawajasoma historia. John Hanning Speke alitoka Zanzibar mwaka 1860 na msafara mzima wa wapagazi, akamfikia Mfalme Rumanyika wa Karagwe Novemba 1861, na faida ikaonekana: ziwa hili, lililokuwa tayari na jina, likabandikwa jina la Windermere, la kwao Uingereza. Mwenye begi dogo angewezaje kugundua maji ambayo wenyeji walikuwa wakiyanywa?

Atatokea mbishi aseme kwamba wanawake wa Karagwe na Kyerwa hupanda vilima vya huko kwa kandambili, dumu la lita 20 kichwani, bila orodha ya maandalizi. Hoja dhaifu. Wao wamebeba maji tu, kitu ambacho msafiri makini hukisahau kwa sababu begi limejaa chipsi za paketi kutoka Dar es Salaam, asije akakosa riziki katika nchi ya migomba. Koti la mvua nalo huachwa kwa haki. Lingeficha fulana iliyochapishwa maalumu kwa safari. Na mwongozaji wa nini? Simu ina ramani, na mtandao ukikata bondeni, spika ipo: wachunga ng'ombe wataisikia na kuja kumwonyesha njia.