Namna ya Kusuka Mkeka Usiochanika

Ndugu yangu wa mikeka, umewasikia wasomi wakisema kubeti ni hesabu. Wasamehe. Hawajawahi kukaa kwenye banda la mpira dakika ya 88 huku mkeka umebakiza timu moja. Mwongozo huu ni wetu sisi tuliokubuhu, tunaojua kwamba mpira unachezwa London lakini matokeo yanategemea soksi alizovaa mtu wa Mbagala.

Hatua ya 1: Itambue nguo yako. Nguo ya bahati haichaguliwi, hujitambulisha yenyewe. Kumbuka ulivaa nini siku mkeka ulipotiki mara ya mwisho. Yangu ni fulana ya kampeni za uchaguzi, imepauka na ina tundu kwapani. Haifuliwi. Sabuni haijui kutofautisha jasho na zali, inaondoa vyote. Mtu wa nyumbani akiifua kwa wema wake, siku hiyo pumzika.

Hatua ya 2: Suka kwa siri. Kila kijiwe kina mtu wa gundu, na wewe unamjua. Akikuuliza, "Leo umewaweka kina nani?" mjibu kwamba umeacha kubeti, umeokoka. Dau lisiwe 1,000 kavu. Weka 1,070, maana saba ni namba njema. Kiganja cha kulia kikiwasha, ongeza dau. Kikiwasha cha kushoto, ongeza vilevile, huenda mwili umekosea upande.

Timu zisipungue 15, na moja kati yao iwe ya uhakika kabisa. Mfano mzuri ni Argentina ya tarehe 22 Novemba 2022: mechi 36 bila kufungwa, Messi yumo, mpinzani Saudi Arabia. Ilifungwa 2-1, kisha ikaenda kubeba Kombe la Dunia lilelile. Hapo kosa halikuwa la Argentina. Kuna mtu mahali fulani alibadilisha kiti.

Hatua ya 3: Kaa ulipokaa. Bandani kwetu yuko fundi friji mmoja ambaye siku moja alitoka kwenda kujisaidia, na kabla hajafunga zipu timu yetu ikasawazisha. Hakurudi kuwa mtu huru. Tangu hapo tukizidiwa tu, sauti zinapanda: "Fundi, toka nje!" Amelipa kiingilio 500 kama sisi, lakini mabao mengi ameyasikilizia kupitia bati, amesimama kando ya pipa la maji na chupa ya soda mkononi. Bao lisipoingia, anaambiwa amesimama vibaya.

Usituone wajinga, tuna wenzetu katika sayansi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner aliandika habari za njiwa wenye njaa aliowafungia sandukuni. Chakula kilikuwa kinakuja kila baada ya muda uliopangwa, njiwa afanye lolote au asifanye kitu. Wengi wao wakajitungia matambiko. Mmoja alikuwa akizunguka, mwingine akisukuma kichwa kwenye kona ya juu, kila mmoja akirudia kile alichokuwa akikifanya chakula kilipotokea. Njiwa hao hawakuwa na fundi friji, vinginevyo wangemtoa nje.

Hatua ya 4: Usishike kikokotoo. Huu ndio mwiko mkubwa. Akitokea mtu akaanza kukueleza kwamba timu yenye nafasi ya kushinda mara 8 kati ya 10 ni nzuri, ila ukizifunga 15 za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, katika mikeka 100 takribani 96 itachanika, mzibe mdomo. Akiendelea na habari za odi, kimbia kabisa. Atakuonyesha mechi yenye 2.60 nyumbani, 3.30 sare na 2.70 ugenini. Atakwambia ukitaka kupokea 1,000 matokeo yawe yoyote yale, itabidi uweke kama 385, 303 na 370, yaani 1,058. Hiyo 58 inayozidi ndiyo hirizi ya kampuni. Kampuni haikai kiti kimoja wala haivai fulana chafu. Inaivaa hiyo 58 tu, kila mechi, na kwenye mkeka mrefu inajizidisha. Maneno kama haya yanaleta mkosi.

Hatua ya 5: Panga lawama mapema. Mkeka utachanika, na msiba bila mhusika haulaliki. Anza na refa. Akipona, hamia kwa kipa, kisha mtu wa gundu, kisha aliyefua fulana. Wa kutoguswa ni yule aliyeongeza timu ya 15 saa nane usiku ili odi inone. Yule ni wewe. Halafu tangaza kijiweni kwamba ilibaki timu moja tu. Usiseme ilibaki moja mara ngapi mwaka huu.

Juzi nilimtembelea bibi yangu, msukaji wa mikeka ya ukindu. Akaniona nimenuna.

"Una nini, mume wangu?"

"Mkeka umechanika, bibi."

"Upi, wa chumbani? Ulete niushone."

Nikamweleza: timu 15, kumi na nne zimeshinda, moja imetoa sare. Akaendelea kushona ukili wake bila kuinua macho.

"Mimi ukili mmoja ukikatika, jioni naushona, kesho watu wanaukalia. Huo wenu unakufa wote kwa ukili mmoja. Aliyewafundisha kusuka ni nani?"

Sikumjibu. Nilimtazama kwa muda, na mambo mengi yakaanza kunielea. Kumbe mwaka mzima nahangaika na soksi, viti na fulana, na chanzo kiko ndani ya ukoo.

Bibi ana gundu.