Jinsi ya Kuupima Mwaka wa Mtaa Uliopangwa

Mahitaji: mabuti ya mvua, jozi moja. Kamba ya katani ya mita 50, yenye fundo kila baada ya mita 5. Daftari la kurasa 96. Nakala ya mchoro wa mipango miji wa mtaa wako. Pesa ya kununulia kitunguu kimoja. Muda wa kuandaa: miezi 12. Walaji: mtaa mzima.

Nawaandikia wakazi wa mitaa mipya ya Dodoma, wale wa Iyumbu, Ilazo, Kisasa, Mtumba na kote ambako bikoni za mipaka ya viwanja bado zinaonekana majanini. Kila ifikapo Desemba tunaulizana kama mtaa umekua, na kila mara tunajibu kwa kuhesabu mapaa. Mwaka jana nyumba saba, mwaka huu arobaini, basi tumekua. Paa ni rahisi kulihesabu kwa sababu linang'aa. Lakini paa ni mali ya mtu mmoja, na mwenye nalo atalitunza hata usipomkumbusha. Mimi nakuomba uhesabu zile sehemu ambazo mchoro uliziacha tupu: uwanja wa watoto, njia ya maji, hifadhi ya barabara, kiwanja cha shule ambayo bado haijajengwa. Hizo hazina mwenyewe wa kuzilalia mlangoni, na ndizo zinazoutofautisha mji uliopangwa na lundo la nyumba.

Kabla ya kuvaa mabuti, ujue kwanza umerithi nini. Chama tawala cha wakati huo, TANU, kiliamua tarehe 1 Oktoba 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na kazi ilikusudiwa kumalizika kwa miaka kumi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mwaka 1976 wataalamu wa Project Planning Associates wa Toronto wakakabidhi mpango kabambe. Ukisikia habari za mji mkuu unatarajia minara. Wao walichora mji wa vitongoji, ambamo shule, duka na zahanati viwe karibu na mwenye kwenda kwa miguu, basi liwe uti wa mgongo wa usafiri, baiskeli ipewe njia yake, na vilima vyetu vya mawe viachwe vilivyo. Ile miaka kumi ikapita, ikafika arobaini na zaidi. Mei 2017 CDA ikavunjwa na majukumu yake yakaenda kwa manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya hii. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Gawanya tofauti hiyo kwa siku za miaka kumi, utapata watu wapya 97 kwa siku. Kila jua lilipozama, walikuwapo watu 97 ambao jana yake hawakuwapo, na kila mmoja wao alihitaji mahali pa kulala, pa kupita na pa kununua kitunguu.

Sasa vaa mabuti.

Kazi ya mabuti ni ya Januari. Dodoma hupata wastani wa milimita zisizofikia 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote humwagika kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo. Mvua ya saa moja hapa inaweza kukuonyesha usichokiona katika miezi yote ya kiangazi. Ikinyesha, usikae barazani. Toka na mchoro, fuata maji. Anza yanakotoka, shuka nayo hadi yanapoingia korongoni, na kila yanapoacha njia yake andika: ukuta wa nani, kifusi cha nani, kalavati gani limeziba. Waliotutangulia hapa walilijua jambo hili. Katika simulizi za Wagogo, jina la Dodoma linatokana na neno lao idodomya, yaani palipozama, kwa sababu tembo alikuja kunywa maji akanasa kwenye tope. Watu walioupa mji wao jina la tope hawakuwa na haja ya kuambiwa wasijenge bondeni.

Utakapogundua kwamba aliyeziba njia ya maji ni mzee jirani yako, usirudi nyumbani kuandika barua. Mwendee jioni, maji yakiwa bado yanaonekana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Mzee, nimekuja na mchoro wa mtaa. Naomba tuutazame pamoja."

Kaa chini kwanza. Mwache avae miwani. Mara nyingi mzee hakujua, fundi ndiye aliyesogeza ukuta ili apate mahali pa kuweka geti. Mimi nimeona ukuta ukitobolewa matundu matatu ya maji siku mbili baada ya maongezi ya namna hiyo, bila mgambo wala amri ya mtu.

Kamba ni ya Machi. Unaifunga bikoni moja, mwenzako anaishika ncha ya pili, mnatembea hadi bikoni inayofuata huku mkihesabu mafundo kwa sauti. Fanyeni hivyo Jumamosi asubuhi, watoto wawepo. Watoto wanapenda kuhesabu mafundo, na mtoto aliyewahi kushika kamba hiyo hataisahau mipaka ya uwanja wake. Kipimo cha kamba hakitakubaliwa na mpima ardhi, wala hakikusudiwi kuchukua nafasi yake. Kazi yake ni kukujulisha mapema kwamba kuna jambo la kumwitia mpima.

Niwasimulie kwa nini naing'ang'ania kamba. Katika mtaa wetu kuna eneo la wazi, limepakwa kijani kwenye mchoro. Jumapili moja, ofisi zote zikiwa zimefungwa, lori lilishusha mawe pale, likarudi na mchanga, likarudi na tofali. Mwenye mzigo alikuwa na karatasi yenye mhuri. Sisi tulikuwa na hasira tu, na hasira haina mhuri. Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameomba nakala ya mchoro na kuandika kwenye daftari lake vipimo vya lile eneo: mita 60 kwa 42. Alipima kwa hatua zake mwenyewe, akazihakiki kwa kamba ya kuanikia nguo. Tulilipeleka daftari hilo kwenye mkutano wa mtaa, kisha kwenye kata, kisha mjini, na tuliambiwa "njooni wiki ijayo" mara nyingi kuliko nilivyopenda. Wiki kumi na moja. Mawe yakaondoka kama yalivyokuja, kwa lori. Kuna watu waliotuambia tunapoteza muda kwa ajili ya kipande cha vumbi. Kipande kile cha vumbi ndipo watoto wa nyumba sitini wanapochezea mpira leo, na ndipo tulipotandika turubai la msiba mwezi wa saba, kwa sababu hakuna kiwanja cha mtu binafsi kinachotosha mazishi ya Dodoma.

Kitunguu nacho kina utaratibu wake. Chagua siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Toka nyumbani kwa miguu, bila bodaboda, ukanunue kitunguu kimoja urudi. Andika dakika. Kisha muombe dada anayekusaidia kazi, au bibi anayetembelea mkongojo, akuambie dakika zake, maana zako si kipimo cha mtaa. Ikiwa mtu mzee hawezi kwenda na kurudi kabla mboga haijaungua jikoni, mtaa wenu bado ni bweni, hata kama nyumba zote zina vigae.

Hapa ndipo utakapoiona nafasi tupu ya aina ya pili, na hii siitetei. Mchoro ulitenga kona ile kuwa ya biashara. Kiwanja kilinunuliwa, kikazungushiwa waya, na sasa ni nyasi za kiunoni. Masharti ya kawaida ya hati humtaka mmiliki aendeleze kiwanja ndani ya miezi 36. Mwenye kona anangoja bei ipande, nayo inapandishwa na jasho la sisi tunaoishi hapa. Wakati huo mama anayetuuzia vitunguu, nyanya na dagaa amekaa nje ya waya huo huo, chini ya mwarobaini, kwenye hifadhi ya barabara, akiwa tayari kukunja mkeka wake mgambo wakitokea. Kisheria yeye ndiye mvunja mpango. Kwa maoni yangu yeye ndiye pekee anayeutekeleza: mpango wa mwaka 1976 ulitaka duka lifikike kwa miguu, naye amelileta. Kwa hiyo usimfukuze, wala usimwache akae barabarani hadi lori limkute. Peleka majina mawili kwenye mkutano wa mtaa kwa pamoja, la mwenye kona isiyoendelezwa na la mama asiye na kona, uulize kama genge la muda haliwezi kupatikana kwa utaratibu. Swali hilo likiulizwa na mtu mmoja ni kero. Likiulizwa na wateja thelathini wa mama huyo, linaandikwa kwenye muhtasari.

Miezi ya Julai na Agosti ni ya upepo. Funga kinywa, hesabu miti. Kampeni ya Dodoma ya Kijani ilizinduliwa mwaka 2017, na tangu hapo miche imepandwa mingi. Lakini mche unaohesabiwa katika mwongozo huu ni ule uliofikisha kiangazi cha pili ukiwa na majani. Andika pia nani anaumwagilia. Maji ya jiji hili yanategemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na bonde lile halijazwi na manyunyu: hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kisha hunywewa kwa miaka. Kwa hiyo maji uliyofulia yasipotee. Mpelekee mti.

Septemba pumzika.

Oktoba au Novemba, kabla ya mvua mpya, lipeleke daftari kwenye mkutano wa mtaa. Usianze na hotuba. Simama, msalimie mwenyekiti na wazee, kisha soma namba: eneo la wazi mita kadhaa kwa kadhaa, sawa na mchoro; barabara ya pili imeliwa mita 2; njia ya maji imezibwa mahali pawili, na mahali pamoja pameshazibuliwa; kitunguu dakika 14 kwa kijana, 35 kwa bibi; miti iliyopona 9. Keti. Namba hizo zikisomwa, kila mtu ataangalia chini kidogo, kisha ataanza kuzungumza habari za mtaa badala ya habari za mwenyekiti. Omba zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa, zikae hapo mwaka mzima. Mwakani zitakuwa na za kulinganishwa nazo.

Jiji lina Mpango Kabambe wa 2019 hadi 2039, kwa hiyo mchoro wa mtaa wako umo ndani ya kitu kikubwa kinachoendelea sasa hivi. Una haki ya kuuona. Nenda ofisi ya ardhi, uombe nakala, na ukiambiwa urudi wiki ijayo, rudi wiki ijayo. Daftari la yule mwalimu sasa liko kwangu. Limebaki kurasa 31. Kama unaishi Dodoma na huna kamba, njoo Jumamosi tukupimie kwa yetu.