Namna ya Kukwepa Kamusi kwa Heshima

Wewe wa tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) uliyetoka Robanda, sogea karibu nikupe siri. Umekulia jirani na lango la Ikoma, nyumbani mnasema Kiikoma, na nyumbu wakielekea Grumeti unawatambua kwa vumbi tu. Bahari umeiona kwenye kalenda. Sasa umekabidhiwa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, inakupeleka Unguja ya enzi za mkoloni, na kila ukurasa una neno ambalo hujawahi kulisikia. Unataka mambo matatu: umalize kitabu, ulale mapema, na darasani uonekane mjuzi. Yote yanawezekana. Fuata hatua hizi.

1. Ruka. Soma sura nzima kamusi ikiwa imefungwa. Neno gumu lipigie mstari mwembamba wa penseli, uendelee. Mwaka 2000, Paul Nation wa New Zealand na mwenzake Hu walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wasomaji wengi wanahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno ili waielewe hadithi bila taabu. Yaani neno geni moja katika kila 50 halikuzuii kitu. Katika Vuta N'kuvute, Yasmin ni binti mdogo, Bwana Raza ni mzee, na ndoa yao haina mapenzi: hayo utayapata hata kama hujui jina la kila vazi. Na hayo ndiyo mtihani utakayokuuliza.

2. Subiri neno lirudi. Neno lililopita mara moja likapotea, liache liende zake. Likitokea mara ya tatu, mwandishi analihitaji, nawe unalihitaji. Hilo liandike. Orodha yako ya maneno arobaini itabaki na manane, na usiku utabaki wa kulala.

3. Livue viambishi. Ukitafuta "akajikongoja" kwenye kamusi utakesha. Toa a-, toa -ka-, toa -ji-, utafute "kongoja". Hapa mtoto wa Ikoma, kama mwenzako Mkurya wa Tarime, ana mtaji ambao hajaambiwa: lugha yake nayo ni ya Kibantu, nayo hujenga kitenzi kwa kupachika viambishi kwenye mzizi. Sikio lako limefanya kazi hiyo tangu utotoni. Litumie.

4. Maneno ya pwani yakamate kwa kundi. Ukifika kwa washairi wa visiwani kama Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, jiandae kukutana na bahari. Usihangaike na neno mojamoja. Chora chombo kimoja kwenye daftari: mbele andika omo, nyuma tezi, chini kabisa, maji yanapojikusanya, ngama. Upande mmoja chora kusi, upepo utokao kusini. Upande wa pili kaskazi, utokao kaskazini. Mchoro wa dakika kumi utakuvusha mashairi mengi.

5. Gawaneni mzigo. Mkiwa watano, kila mmoja achukue sura yake, alete maneno yake, awafundishe wenzake. Kisha mtafuteni mwalimu aliyekulia Tanga au Unguja. Anzeni na "Shikamoo, Mwalimu," halafu mwulizeni neno moja tu. Mtu akiulizwa anachokijua vizuri hajizuii: mtaondoka na maneno sita, methali mbili na habari za mtaa aliozaliwa.

6. Kata kadi. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha kwamba tunachojifunza hutoroka haraka zaidi mwanzoni. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza dawa yake: kadi ndani ya kisanduku. Wewe tumia jalada la daftari lililokwisha. Mbele andika neno, nyuma andika maana pamoja na sentensi ulimolikuta. Uliyoipata isogeze nyuma, uje kuiona baada ya siku kadhaa. Uliyoikosa irudie kesho. Kadi kumi zinatosha foleni ya ugali.

7. Jionyeshe. Unapenda kusifiwa, na si kosa. Basi sifa ikufanyie kazi. Neno la leo lisemwe leo: kwenye mdahalo, bwenini, mbele ya yule unayetaka akuone. Liseme mara tatu, mahali panapolistahili. Neno lililokwisha kupita mdomoni halikukimbii kwenye chumba cha mtihani. Ambalo hujalitumia popote, usilipeleke kwenye insha. Msahihishaji analijua kuliko wewe.

8. Soma tena. Usiruke hatua hii, kwa kuwa ndiyo inayolipa zote. Mara ya pili hadithi unaijua, kwa hiyo maneno mengi uliyoyaruka yatajieleza yenyewe kwa wanaoyasema na yanakosemwa. Kila linalojieleza, futa mstari wake. Yatakayobaki ndiyo ya kamusi. Chukua Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka mwaka 2015, au Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka kwanza mwaka 1981, uyatafute yote kwa kikao kimoja, maana ni machache. Kisha mpe mwenzako kitabu, ukamdai riwaya ya Kufikirika.