Gitaa Letu, Rangi ya Gereji

Fundi wa magitaa wa Bwera, wilayani Kasese, akipata mkangazi uliovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo, huupiga randa na kuchonga shingo kwa madaha, kisha anaishiwa nguvu penye vanishi. Kazi hiyo anaona heri aipeleke gereji, kwa bwana mwenye kompresa na mkono mwepesi wa kupaka puti.

Tusimcheke upesi. Hata Fender ya Marekani ilitumia rangi za magari za DuPont. Buluu moja ilitoka kwa Cadillac. Ila waliipuliza wenyewe.

Fundi wa gereji amezoea boneti, na boneti haiimbi. Tabaka nene linaloficha mbonyeo wa bati ndilo linalobana mtetemo wa ubao. Tena apulize laka Aprili, mvua ikinyesha: unyevu hunaswa ndani, gitaa likatoka na ukungu mweupe kama Rwenzori asubuhi. Mteja atadhani ni mtindo mpya.

Kasese, bila shaka, ni bingwa wa kazi za kumaliziwa kwingine. Reli ilifika mwaka 1956 kubeba shaba ya mgodi wa Kilembe, ikayeyushwe Jinja. Kasese ikaachiwa rundo la mabaki yenye kobalti, na miaka mingi ikapita kabla ya kiwanda kuja kuyachakata.

Basi anayetaka kupeleka gitaa gereji, apeleke kwanza kipande cha ubao wa majaribio. Na pesa asizitoe mpaka laka ikauke. Majuma matatu si mengi.