Fadhila za Beringi Iliyochakaa

Washairi wa pwani wamekwisha kusifu mnazi, jahazi, upanga na mahaba, wala sioni kama wamemwachia nafasi kubwa mwandishi wa bara ajaye nyuma yao. Lakini kipo kitu kimoja ambacho sijasikia mtu mwenye akili timamu akikitolea sifa, nacho ni beringi ya gurudumu la pikipiki iliyokwisha kulika, ile ipwayayo ndani ya habu na kuguna njia nzima kutoka Kasulu hadi Kibondo. Watu wa huku Buha husafiri nayo kila siku na kuilaani kila siku, nami naona ni dhuluma.

Tuanze na nasaba, kwa kuwa hakuna sifa iliyotimia pasipo nasaba. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya gololi za kuzungushia ekseli za magari ya farasi. Mwaka 1869 fundi wa Paris aitwaye Jules Suriray akazitia katika baiskeli, na mwaka huo huo Mwingereza James Moore akashinda kwa baiskeli ya namna hiyo mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, akabuni mashine ya kusaga gololi za chuma zikalingana umbo, na mji wake ukaneemeka kwa gololi hizo hata tarehe 14 Oktoba 1943, vita vilipokuwa vikali, Wamarekani wakaenda kuupiga na kupoteza ndege 60 za mabomu kwa siku hiyo moja. Ni waheshimiwa wangapi wa wilaya zetu, nauliza kwa adabu, ambao majemadari wangekubali kupoteza ndege 60 kwa ajili yao? Nayo beringi, pamoja na utukufu huo, imeridhika kukaa gizani, kipenyo chake milimita 37 tu ikiwa ni ile ya namba 6301, ikibeba dereva, abiria wawili wa mishikaki, gunia la muhogo na dumu la mawese, bila ya kutajwa katika nauli.

Husemwa kwamba ubaya wake ni kufa. Ni kweli hufa. Lakini tazama ifavyo. Tairi hupasuka ghafla, mnyororo hukatika pasi na salamu, na petroli huisha palepale palipo mbali na kila kijiji. Beringi hutoa taarifa. Kwanza huguna kwa sauti ndogo, ambayo dereva huisingizia barabara. Kisha huvuma kadiri mwendo unavyozidi. Kisha gurudumu huyumba katika kona za mteremko, mnyororo hukaza na kulegea, breki hushika leo na kukataa kesho, na habu ikiguswa baada ya safari huwa ya moto. Hata baada ya ushahidi wote huo huvumilia tena, juma kwa juma, ikimngoja mtu mmoja ainue pikipiki juu ya stendi, alishike tairi kwa mikono miwili, juu na chini, alitikise, asikie mgongano ule mdogo, na akiri. Kadhi mwenye subira kama hiyo sijamwona.

Fauka ya hayo, ina insafu. Lami imekwisha kuingia katika barabara kuu ipitayo wilaya hizi mbili, lakini njia nyingi za kushukia vijijini zimebaki za udongo mwekundu, ambao wakati wa kiangazi ni vumbi jembamba lipenyalo sili ya mpira, na wakati wa mvua ni tope. Na dereva, kwa kupenda usafi, huiingiza pikipiki mtoni hata ekseli ikazama, grisi ikatoka na kutu ikarithi mahali pake. Hapo beringi haibagui pikipiki ya mwalimu, ya mhubiri, ya mnunuzi wa maharage wala ya mfanyakazi wa shirika aendaye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wote hukutana kwenye benchi moja la fundi, na watu ambao kwingineko wasingesalimiana hushinda hapo wakibishana juu ya bei ya maharage.

Kazi yenyewe ya kuibadili ina taadhima yake. Fundi hufungua nati, huvuta ekseli, huopoa sili kwa bisibisi, kisha hupenyeza chuma kirefu kutoka upande wa pili, akaisogeza kidogo ile spesa iliyo katikati ili apate ukingo wa kupiga; hupiga huku na huku kwa zamu, isije ikakwama kiupande, mpaka mkongwe adondoke. Aliye fundi kweli huifuta habu, hupaka grisi, na kuiingiza mpya kwa kugonga pete ya nje pekee, aghalabu akiitumia ile iliyokufa kuwa kigongeo, hivyo marehemu humsimika mrithi kwa mwili wake mwenyewe. Falme zilizorithishana kwa utulivu kama huo ni chache. Asiye fundi hugonga pete ya ndani, akazijeruhi gololi kabla hazijazunguka hata mara moja, au huisahau spesa, na ekseli ikikazwa pete za ndani husukumwa zikabanana, beringi mpya ikafa ingali na harufu ya duka. Hapo hulaumiwa muuzaji wa vipuri, hulaumiwa kiwanda, hulaumiwa hata barabara, hali spesa imelala mchangani chini ya benchi, haina hatia wala kazi.

Mahasimu wake wakubwa ni baadhi ya wenye pikipiki, wale wakaao mjini wakingoja hesabu kila jioni. Dereva akisema gurudumu linapwaya, huambiwa avumilie hadi mwisho wa mwezi. Basi pete hupasuka, huila habu, huikwaruza ekseli, na gharama iliyokuwa ya beringi mbili ikawa ya gurudumu zima, achilia mbali mgonjwa aliyekuwa akikimbizwa usiku hospitali ya Kabanga. Mwenye mali hapo husema kwamba beringi imemtia hasara. Uongo mtupu: ilimwarifu tangu mwezi uliopita.

Nawaomba basi wenye pikipiki wa Kasulu na Kibondo watenge katika hesabu ya kila mwezi bei ya beringi mbili, kwa kuwa hubadilishwa kwa jozi, pamoja na sili zake. Na wewe msomaji, ukiusikia mguno ule chini ya kiti ungali abiria, mwambie dereva asimame, ushuke, ulishike tairi ulitikise mwenyewe.