Punda na Ubao wa Theluji

(Ngaramtoni, Arusha, siku ya soko. Ubao wa kutelezea thelujini, ulioingia nchini kwa mzigo wa mitumba, umelazwa juu ya matofali na kugeuzwa benchi la wanaojaribu viatu. Punda wa Oldonyo Sambu ameshushwa magunia, amefungwa kando yake.)

UBAO: Wewe mwenye masikio, sogea! Unanikinga nisiuone Mlima Meru. Nasubiri theluji.

PUNDA: Huku kwetu mdogo huanza na shikamoo.

UBAO: Shikamoo, mzee Punda.

PUNDA: Marahaba. Mlima huo una zaidi ya mita 4,500, lakini theluji huuangukia mara chache, na ikianguka haikai. Kabla ya kukaliwa ulikuwa na kazi gani?

UBAO: Nilikuwa msanii! Kwetu hujengwa viwanja mlimani, vyenye reli za chuma na matuta ya kurukia. Kijana ananifunga miguuni, anashuka kasi, anateleza juu ya reli, anaruka tuta, anajigeuza hewani, anatua. Mchezo wangu uliingia Olimpiki mwaka 1998 kule Nagano, Japani. Mashindano ya reli na matuta yakafuata mwaka 2014, Sochi.

PUNDA: Na hiyo reli mtu anaipandaje asivunjike?

UBAO: Anaiendea moja kwa moja, ananilaza bapa, magoti ameyakunja, macho kwenye mwisho wa reli. Akinielemeza ukingoni, namponyoka, anakaa kwenye chuma. Na kujigeuza hakuanzii miguuni: kichwa na mabega hutangulia.

PUNDA: Kijana wako aliyaweza yote hayo?

UBAO: Akijigeuza kulia, watu walipiga makofi. Kushoto... kushoto haikuwa staili yake.

PUNDA: Aliogopa.

UBAO: Lugha gani hiyo, mzee! Sisi tulisema anaendeleza vipaji vyake. Alipoanguka kushoto, alinunua buti jipya. Alipoanguka tena, alinunua kamera, ajirekodi akigeuka kulia. Mwisho akagundua mwenye kosa ni mimi. Ndiyo nikatolewa.

PUNDA: Basi ana ndugu wengi hapa mjini. Mwenyekiti wa kikundi hawezi kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Anasimama mkutanoni, anasema yeye ni mtu wa vitendo, si wa makaratasi. Anapigiwa makofi, na hela haijulikani ilikokwenda.

UBAO: Na wewe je? Asubuhi nimesikia umegoma darajani mpaka bodaboda wakapanga foleni.

PUNDA: Nimegoma, ndiyo. Daraja la mbao likinionyesha maji kwenye nyufa, kwato hazisogei. Huo ni woga, na sijawahi kuupa jina jingine. Bwana wangu anaujua, kwa hiyo siku ya mzigo mkubwa tunazunguka, tunavuka kwenye maji haba.

UBAO: Kumbe na wewe unakwepa!

PUNDA: Siku ya mzigo nakwepa. Jioni, mgongo ukiwa mtupu, ananipitisha juu ya mtaro uliowekewa ubao mmoja, kesho yake mbili. Sasa navuka daraja bila mzigo. Leo tumejaribu na magunia, nimeshindwa. Tutarudi na gunia moja. Kijana wako alikwepa mashindanoni, akakwepa na mazoezini. Hapo ndipo mlipoharibikiwa.

UBAO: Mwalimu alimwambia arudi kwenye kituta kidogo ajizoeze kugeuka nusu tu. Akakataa. Pale kulikuwa na watoto wadogo, angechekwa.

PUNDA: Tazama huo mlima unaousubiri. Baadhi ya wageni wanaoitamani Kilimanjaro yenye mita 5,895 huupanda Meru kwanza, miili izoee hewa nyepesi. Wanalala Miriakamba, kisha Saddle, ndipo wanakwenda kileleni. Njiani kuna nyati, basi wanasindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Sijasikia mgeni akisema nyati si staili yake. Anaogopa, anakiri, anamfuata mwenye bunduki, anafika.

UBAO: Lakini mtu wa huku theluji ataizoea wapi?

PUNDA: Nagano hiyohiyo uliyojisifia, alikuwepo Mkenya, Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji, akaenda Finland kujifunza kuteleza thelujini kwa ski. Katika mbio za kilomita 10 akawa wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri, akamkumbatia. Boit akarudi Olimpiki mwaka 2002, akarudi tena 2006.

UBAO: Punda, haya umeyajulia wapi?

PUNDA: Muuza viatu ana redio, nami nina masikio uliyoyacheka.

UBAO: Mteja mnene anakuja kunikalia! Nifanye nini, mzee?

PUNDA: Vumilia, hiyo ndiyo kazi uliyobaki nayo. Neno langu ni kwa wenye miguu. Siku ya mashindano, cheza unachokiweza, hakuna atakayekulaumu. Kesho yake nenda kwenye kituta kidogo, ukajifunze usichokiweza, na watoto wakucheke. Ukishindwa kwenda, usiseme ni staili. Sema ni woga, ili mwenye kujua namna ya kukusaidia ajue aanzie wapi.