Mto Wetu Umehamia Syokimau

Jumamosi iliyopita nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijalifanya tangu siku tulipomzika baba mkwe, nikaenda kwenye mkutano wa wananchi kutoa maoni. Gari lenye vipaza sauti lilikuwa limezunguka mji wetu wa Isinya siku mbili likituita. Lilisema kuna mradi wa mabilioni. Lilisema pia kutakuwa na soda.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Kijana mmoja mwenye viatu vilivyochongoka akakunjua turubai kubwa lenye picha, na wote tukainua shingo. Pichani palikuwa na mto. Maji buluu kama sabuni ya unga, kando yake vijia vya matofali, mabenchi, taa zenye shingo za twiga, mashua mbili, na mtoto wa Kizungu anakula aiskrimu. Juu ya picha pameandikwa kwamba hapo ni kwetu.

Mwenyekiti akaomba maswali. Akasimama mzee jirani yangu, ambaye ng'ombe wake hulala karibu na ukuta wangu na kunipa usingizi wa vipande vipande. Nilijua atauliza maji yatatoka wapi. Hakuuliza hilo.

"Huyo mtoto ni wa nani?"

"Ni mfano tu, mzee wangu," kijana akajibu.

"Wa boma gani?"

"Wa kompyuta, mzee."

Mzee akatikisa kichwa, akaketi. Baada ya hapo hakuna aliyeona swali lingine la maana. Tukagawiwa soda. Yangu ilikuwa ya moto.

Nimeshinda wiki nzima nikinung'unika, na mama watoto amenichoka, kwa hiyo leo zamu ni yenu.

Sisi wa upande huu tuna mkosi wa majina. Nairobi ilipata jina lake kwa Wamaasai: Enkare Nairobi, maji baridi. Maji bado ni baridi, ila sasa hata ng'ombe huyanusa kwanza na kufikiri. Jirani zetu wanaishi Athi River, mji uliopewa jina la mto hata kwa Kiingereza. Na makao makuu ya kaunti yetu, Kajiado, ni jina lililokatwakatwa na midomo ya wageni. Asili yake ni Olkejuado, yaani mto mrefu. Hata serikali yetu ya mtaa ya zamani, kabla ya ugatuzi wa 2013, iliitwa Baraza la Kaunti la Olkejuado. Maana yake tulitawaliwa na Mto Mrefu miaka nenda miaka rudi, tukalipa ushuru wa soko kwa Mto Mrefu, na ukishuka kwenye mto wenyewe mwezi wa pili unakuta mbuzi wamejilaza katikati wakicheua, hawana wasiwasi na mtu.

Kwa Kimaasai mto ni olkeju na mguu ni enkeju. Zamani niliona ajabu maneno hayo mawili kukaribiana hivyo. Siku hizi sioni ajabu. Mto wetu una miguu, na umeondoka.

Ulikoenda nitawaambia, lakini nianze na shemeji.

Shemeji yangu anakaa Umoja, Nairobi. Mwaka juzi alinipigia simu akiwa amejawa furaha: amenunua ploti ya hamsini kwa mia, upande wetu huku, tena inatazama mto. Broka alimwonyesha picha iliyopigwa siku ya mvua. Nikamwambia, shemeji, huo mto ninaujua, hufika mara chache kwa mwaka, na ukifika hauketi. Akasema nina wivu. Alipokuja kuweka vigingi ilikuwa Septemba. Alisimama ukingoni, akatazama mchanga mweupe uliolala chini kama kitanda kisichotandikwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama maji yamefungwa mahali.

Kisha akaja mtu wa ofisi fulani na futi kamba, akamwambia ajenge mbali na mto. Sheria ipo na ni nzuri: ukanda wa mto huachwa kati ya mita 6 na mita 30, kulingana na upana wa mto, kuanzia pale maji yalipowahi kupanda juu kabisa. Shemeji akauliza maji yaliwahi kupanda mpaka wapi. Mtu wa futi akamwuliza mchungaji aliyekuwa akipita. Mchungaji akaelekeza fimbo, na fimbo ikaangukia katikati ya ile ploti, pale jikoni palipochorwa. Kwa hiyo shemeji ana shamba linalotazama mto usio na maji, na hawezi kujenga kwa sababu ya maji ya huo mto. Hatimaye akapata pembe moja ya nyuma, akaanza kuchimba msingi.

Msingi unataka mchanga. Mchanga akaununua kwangu.

Hapa ndipo ninapoanza kusema polepole, maana mimi ni mwenye hadwea. Ninauza saruji, nondo, misumari, mabati, na mbele ya duka nina kichuguu cha mchanga ninachokipima kwa toroli. Toroli moja ni bei ya mitungi mitano ya maji ya bauza. Mchanga huo huletwa na vijana wenye lori, nao sijawahi kuwauliza wameutoa wapi, kama vile mtu asivyomwuliza mpishi wa mutura ameweka nini ndani. Shemeji alipokuwa akipakia toroli la kumi, mzee jirani alisimama akatazama, akasema bila hasira, "Huyu kijana ananunua mto wake mara ya pili."

Nililichukua neno lile kama mzaha. Usiku halikuniacha nilale, nalo likasaidiwa na ng'ombe.

Maana mto wa nchi kame haukai juu, unakaa ndani. Mvua ikipita, maji huzama kwenye mchanga na kujificha humo, jua lisiyafikie. Wamaasai wamejua hilo tangu zamani: kiangazi kikikaza, huchimba kisima kifupi katikati ya mto mkavu, maji yakachujika taratibu, ng'ombe wakanywa kwa zamu, na kila kisima kina mwenyewe. Ukiondoa mchanga hubakiwi na mto mkavu. Unabakiwa na mfereji wa mwamba, ambamo mvua hupita mbio kama matatu iliyoona polisi, na jioni hakuna kitu.

Nasi mchanga tumeuondoa. Hupita usiku, lori baada ya lori, taa hafifu, kimya kimya, kama mpangaji anayehama kabla ya mwisho wa mwezi. Hupita Kitengela, huvuka Mto Athi, na asubuhi unakuwa nguzo, plasta na slabu za gorofa. Kitengela penyewe, mji uliokuwa na watu chini ya 60,000 katika sensa ya 2009 na zaidi ya 150,000 katika ile ya 2019, umejengwa kwa nini kama si kwa mito ya huku? Ukitaka kuuona Mto Mrefu kwa macho yako, usije Kajiado. Nenda kwenye gorofa mpya za Syokimau, uangalie ukuta wowote.

Jirani zetu wa Makueni waliliona mapema. Mwaka 2015 walitunga sheria yao ya kaunti ya kulinda mchanga, na mtu akikamatwa akiuvusha mpaka hujieleza. Huko Ukambani, Machakos na Kitui wakiwamo, watu wamejenga mabwawa ya mchanga kwa miaka mingi. Unajenga ukuta wa zege kukatiza mto mkavu, ukikanyaga mwamba chini. Mvua huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta msimu baada ya msimu, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, hata asilimia 25 mpaka 40 ya ujazo wake. Hayakauki upesi, mbu hapati pa kutagia mayai, na hakuna wa kuyaiba kwa sababu hayaonekani. Ni ukuta tu. Saruji, mawe na mafundi wa hapa hapa. Hata saruji ningewauzia mimi, tena kwa bei ya jumla. Lakini bwawa la mchanga halipendezi kwenye turubai. Utachora nini? Ukuta mmoja na mbuzi.

Shida ya Isinya ni kwamba kila kitu kinatupitia. Barabara ya Namanga inapita hapa na malori yake ya Tanzania. Kituo kikubwa cha umeme kipo hapa: laini za kilovolti 400 zinaingia kutoka Mombasa na Suswa, na nyingine inaondoka kwenda Singida, Tanzania, kilomita 500 na ushei. Tuna nguzo za chuma hadi tai wamekosa anga. Bomba la Nolturesh nalo limekatiza kaunti hii likitoa maji chini ya Kilimanjaro, upande wa Loitokitok, kuyapeleka hadi Machakos na Athi River. Sisi tumesimama kando ya barabara na mitungi mitupu, tunayapungia mkono.

Na yale maji machache ya mvua tunayoyapata, hatuyataki. Mnakumbuka Aprili 2024? Mto Athi ulijaa, ukapanda barabara ya Namanga, Kitengela ikatengana na Nairobi, watu wakakaa kwenye magari wakitazama ng'ambo kama wana wa Israeli wasio na Musa. Mimi nilikuwa nimeagiza mabati, yakalala ng'ambo ya pili. Wakati huo huo mama watoto alikuwa kwenye foleni ya bauza, mwavuli mkononi. Mafuriko barabarani na ukame jikoni, siku moja, mji mmoja. Yale maji yote yakaenda zake, yakaitwa Galana, yakaitwa Sabaki, yakamwagika baharini karibu na Malindi. Malindi wanapata mto wetu mzima bila kutuma hata salamu.

Turudi kwenye turubai. Sikatai uzuri. Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mradi wa kusafisha Mto Nairobi, shilingi bilioni 50 zikatajwa, na mimi nikasema amina, maana ule mto unanuka. Kijana wa viatu vilivyochongoka naye alitupa mfano wa San Antonio, kule Texas, Marekani: kijito cha kawaida katikati ya mji wa ng'ombe, leo watalii hulipa kupita juu yake kwa mashua. Nilirudi nyumbani nikamwomba binti yangu anisomee habari zake kwenye simu. Kumbe mwaka 1921 kijito hicho kilifurika kikaua makumi ya watu, na wahandisi wakataka kipande chake kifukiwe kwa zege kiwe mfereji wa chini. Wenyeji wakapinga. Mwaka 1929 mchoraji majengo Robert Hugman akaleta ramani yake ya vijia na madaraja, na ujenzi ukaja kuanza 1939. Lakini kwanza walijenga bwawa la kuzuia mafuriko. Walishughulika na maji kabla ya mabenchi. Hilo kijana hakulisema, au lilikuwa kwenye turubai la pili.

Nilimweleza mzee habari hizo jioni, tukiwa tumeegemea kichuguu changu cha mchanga. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hao wa Texas," akasema, "ng'ombe wao wananyweshwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akapapasa mchanga kwa kiganja, akauacha uchuruzike. "Huu ni wa pale kwenye mkuyu," akasema. Ndipo nikaambiwa kwamba marehemu baba yake alikuwa na kisima pale, na kwamba yeye huutambua kwa chembe zake nyekundu. Sikujua hata mchanga una kwao.

Shemeji amefika kwenye linta. Juzi alipiga simu kuagiza lori jingine la plasta. Nilimwambia mchanga umeadimika, aningojee kidogo, na hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nimeanza kuwauliza wale vijana wa lori wanachimba wapi, na tangu niulize hawajarudi dukani. Wanamshushia mshindani wangu, mkabala na steji. Mama watoto ananiuliza kama maswali hulipa karo.

Kwa hiyo nina ombi dogo. Ninyi mnaotoa maoni kwenye mikutano ijayo, ulizieni ukuta wa zege kabla ya mashua. Nanyi mliohamia gorofa mpya za Syokimau, siku mkiona unyevunyevu umeanza kupanda ukutani, msikimbilie kumtukana fundi. Ugongeni ukuta polepole, mwambieni Mto Mrefu kwamba kwao wanamtafuta.